Kumtibu Mfungwa ni Wajibu, si Hisani

Ifuatayo ni hotuba ya tabibu mmoja mstaafu aliyoitoa mbele ya walimu na watumishi wa serikali katika semina ya afya ya wilaya.



Nimeombwa nizungumze juu ya matibabu ya wafungwa. Nakiri kwamba nilipopewa jambo hili nilisita, kwa kuwa siwezi kulizungumza kwa haki bila ya kuanza na kosa langu mwenyewe. Basi nitaanza nalo.

Nilikuwa kijana, tabibu wa miaka michache tu kazini. Asubuhi moja askari wawili walimleta mtu aliyetiwa pingu, ameinama, ameshika tumbo. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Watu walipomwona walianza kunong'ona, kisha mmoja wao akapaza sauti: "Mwizi huyo, naye asubiri!" Nami, badala ya kumtazama mgonjwa, niliwasikiliza wenye foleni. Nikaamuru akae mwisho. Alikaa hadi alasiri. Nilipompima nikakuta ana ngiri iliyobana utumbo, ugonjwa ambao kila saa ipitayo huhesabiwa. Alipasuliwa usiku ule, lakini sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha oza, na siku ya pili akafariki dunia.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa mfungwa hata kidogo. Alikuwa mahabusu, na kesi yake ilikuwa haijasikilizwa. Hakimu alikuwa hajatoa hukumu. Niliyeitoa ni mimi. Na hata angalikuwa mfungwa, hakuna mahakama iliyokuwa imemhukumu afe kwa ngiri.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mahakama inapomhukumu mtu kifungo humnyang'anya uhuru wake wa kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo adhabu. Haimnyang'anyi mapafu yake, wala figo zake, wala haki yake ya kupewa dawa. Lakini kwa kumnyang'anya uhuru, humnyang'anya pia uwezo wa kujitafutia tiba. Mwanakijiji akiugua, akikosa dawa katika zahanati hii, atakwenda nyingine. Atamwomba nduguye fedha. Atapakiwa juu ya baiskeli usiku akimbizwe hospitali. Mfungwa hana nduguye mlangoni wala baiskeli. Kauli yake moja ni kumwambia askari, "Afande, naumwa," kisha kungoja. Aliyefunga mlango ndiye aliyeshika ufunguo wa dawa. Kwa hiyo serikali, ambayo kwa niaba yetu sote ndiyo iliyofunga mlango, ina deni kwa mtu huyo; na kulipa deni si kutoa sadaka.

Jambo hili limo katika sheria zetu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13 iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, inataka heshima ya mtu itunzwe hata pale anapokuwa chini ya ulinzi au anapotekelezewa adhabu, na inakataza adhabu za kumtweza mtu. Nayo Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba, 2015, zinasema kwamba matibabu ya wafungwa ni jukumu la serikali, kwamba yawe ya kiwango kile kile wapatacho raia wengine, na kwamba yatolewe bila malipo. Zinasema pia kwamba uamuzi wa tiba ni wa mganga peke yake, na ofisa wa gereza asiye mganga hana mamlaka ya kuutengua.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya wakubwa wa dunia, nasi tuna shida zetu. Basi na tutazame faida yetu wenyewe.

Mwaka 1750, katika mahakama ya Old Bailey mjini London, washitakiwa waliletwa kizimbani kutoka gereza la Newgate lililokuwa jirani. Gereza lile lilikuwa limejaa uchafu na homa iletwayo na chawa, ambayo Waingereza waliiita homa ya jela. Homa hiyo haikuuliza nani mshitakiwa na nani hakimu. Meya wa London, Samuel Pennant, alifariki; majaji wawili walifariki; na pamoja nao makumi ya watu waliokuwamo mle ndani. Ilipita miaka 24 mingine kabla Bunge la Uingereza, baada ya kusikia ushahidi wa John Howard aliyekuwa amezunguka magereza mengi, halijapitisha sheria ya mwaka 1774 iliyoagiza vyumba vya wafungwa vipakwe chokaa na kupitisha hewa, na kila gereza liwe na mganga wake.

Homa ile ya Newgate leo kwetu ina jina jingine: kifua kikuu. Wataalamu wamekadiria kwamba, ukiijumlisha dunia nzima, wafungwa huugua kifua kikuu karibu mara kumi zaidi ya watu walio nje. Sababu si siri. Watu wengi hulala katika chumba kimoja, dirisha ni dogo, chakula ni haba, na akohoaye huchelewa kupimwa. Lakini kikohozi hakina kifungo. Askari magereza hurudi nyumbani kwake jioni kwa mkewe na watoto wake. Mahabusu hupelekwa mahakamani na kurudishwa. Mfungwa humaliza kifungo chake akarudi kijijini. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6. Akiachiliwa mwezi wa tatu bila ya karatasi ya matibabu wala zahanati ya kumpokea, ataziacha. Na vijidudu vilivyozoea dawa vitahamia kwa jirani ambaye hakuiba hata kuku. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Jamii inayoficha maradhi nyuma ya ukuta wa gereza itafichuliwa na vilio vyake yenyewe.

Hata hivyo sipendi tuwatibu wafungwa kwa hofu tu. Maana zipo nchi ambazo madaktari walikuwapo, na hospitali zilikuwapo, na dawa zilikuwapo, lakini mtu aliachwa afe. Mnamo mwezi Agosti, 1977, makaburu wa Afrika Kusini walimkamata Steve Biko wakamweka mahabusu mjini Port Elizabeth, uchi na katika minyororo. Mapema mwezi Septemba aliumizwa kichwani akiwa mikononi mwa polisi. Daktari Ivor Lang aliitwa, naye akaandika cheti kwamba haoni dosari. Daktari Benjamin Tucker aliitwa, naye akakubali matakwa ya polisi. Tarehe 11 Septemba Biko alilazwa uchi nyuma ya gari la Land Rover, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria bila ya maelezo ya ugonjwa wake, na tarehe 12 akafariki akiwa na umri wa miaka 30.

Madaktari wale hawakumpiga Biko. Kosa lao lilikuwa kwamba walipoingia katika chumba kile walimwona mtu wa polisi, hawakumwona mgonjwa. Baraza la madaktari la nchi ile lilikataa mwanzoni kuwachukulia hatua. Ikawapasa madaktari wenzao wachache, miongoni mwao Frances Ames, kwenda mahakamani kulilazimisha baraza lao lenyewe. Ilikuwa mwaka 1985 Lang na Tucker walipopatikana na hatia, na Tucker akafutwa katika orodha ya madaktari. Nilipoisoma habari ile niliwalaani wale wawili. Kisha nikamkumbuka yule mtu wangu wa ngiri, nikanyamaza. Mimi sikuwa na kaburu wa kunitisha. Nilikuwa na foleni tu.

Sasa niyajibu maswali mawili ambayo najua mnayo moyoni.

La kwanza: iweje mfungwa apate dawa wakati mama mjamzito kijijini anazikosa? Swali hili ni la haki, nami silibezi. Lakini kumnyima mfungwa hakumwongezei mama yule hata kidonge kimoja. Wala sisemi mfungwa atangulie mbele ya foleni. Nasema foleni ipangwe kwa uzito wa ugonjwa, si kwa uzito wa kosa. Siku ile, angalikuwa mwalimu ameshika tumbo vile, ningalimwita ndani mara moja.

La pili: na aliyeibiwa, au aliyejeruhiwa, haki yake iko wapi? Iko mahakamani, na yatupasa kuitetea kwa nguvu. Lakini haki ya aliyeibiwa haikamiliki kwa mwizi kufa kwa malaria. Hiyo si haki. Ni kisasi kilichofichwa ndani ya uzembe.

Basi tufanye nini? Ninyi watumishi, mnapopanga makadirio ya fedha, kumbukeni kwamba mfungwa mgonjwa hukosa hospitali mara nyingi kwa sababu ya gari, mafuta, au askari wa kumsindikiza. Mambo hayo huamuliwa mezani penu. Hakikisheni kwamba hakuna atokaye gerezani akiwa katikati ya dozi bila ya barua ya kumtambulisha kwa zahanati ya kwao. Waganga na wauguzi, mwulizeni mfungwa maswali yale yale mnayomwuliza mwingine, na kosa lake msimwulize, maana halimo katika dalili za ugonjwa.

Nanyi walimu mna kazi iliyo kubwa kuliko zote. Sauti ile ya kwenye foleni haikuzaliwa siku ile. Ilifundishwa nyumbani, njiani, na pengine darasani. Katika madarasa yenu wamo watoto ambao baba zao wako gerezani. Mtoto akisikia mwalimu akisema kwamba wafungwa ni takataka, atajifunza kwamba baba yake ni takataka, na wenzake watajifunza kwamba utu wa mtu hukoma mlangoni mwa gereza. Wafundisheni kwamba kosa huadhibiwa, na mtu hubaki mtu.

Ndugu Mwenyekiti, yule mtu sikumwomba radhi, kwa kuwa nilipojua kosa langu alikwisha zikwa. Nimewaeleza ninyi ili siku askari watakapomleta mwingine, ameinama na ameshika tumbo, pawepo katika foleni mtu mmoja wa kusema: "Mpisheni, huyu anaumwa."