Panda Ua Linaloijua Hewa ya Kwenu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mahindi wala mbuzi. Tumekuja na habari ya maua yanayodumu mwaka hadi mwaka. Tunajua wengine wanacheka moyoni, wanasema maua ni ya watu wa mjini. Lakini vikundi vingi vina vitalu vya miche, na watu hununua maua ya kupamba boma, shule na kanisa. Kwa hiyo hii ni pesa, na penye pesa ya kikundi lazima tuangalie vizuri.

Kwanza tuwaambie kosa letu. Wakati mmoja kikundi cha akina mama katika sehemu kavu za Ukambani kilituomba tukitafutie miche ya maua ya kuuza. Sisi wa ofisi ya maendeleo tukaenda mpaka Limuru. Tukaona haidrenjia zimejaa maua ya buluu, makubwa kama kichwa cha mtoto, tukavutiwa. Tukanunua miche 60 kwa pesa ya kikundi, tukawapelekea. Mama mmoja akachaguliwa kuwa mwangalizi. Wenzake walileta maji kwa zamu, mtungi wa lita 20 mgongoni, kutoka kwenye mchanga wa mto. Lakini wapi! Majani yaliungua pembeni, yakaanguka. Baada ya miezi miwili vilibaki vijiti.

Mnafikiri nani alilaumiwa? Yule mama. Walisema ati maji alikuwa akimwagilia sukuma wiki yake. Akajitoa kwenye kikundi, na zamu yake ya kupokea mchango ilikuwa bado haijafika. Na sisi tulinyamaza.

Baadaye mzee mmoja mwenye kitalu alituuliza swali moja tu: "Huko kwa hao akina mama, usiku watu hujifunika blanketi ngapi?"

Swali hilo ndilo somo la leo. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukiteremka mita 1,000, joto huongezeka karibu nyuzi 6. Haidrenjia ina majani mapana na mizizi isiyokwenda chini sana. Penye jua kali na upepo mkavu hupoteza maji upesi kuliko inavyoyanywa. Hata ile buluu yake hutokana na udongo wenye asidi, kama wa mashamba ya chai. Yule mama angemwagilia asubuhi na jioni, bado ingekuwa kazi bure.

Sasa tuangalie kila sehemu na maua yake.

Ninyi wa nyanda za juu mnalijua pareto. Ua hili linahitaji usiku wa baridi ndipo litoe maua, kwa hiyo hupandwa mahali pa juu, kuanzia karibu mita 1,800. Likipandwa chini kwenye joto huweza kumea, likatoa majani mazuri, lakini maua ni haba. Mkulima asiyejua atasema ameuziwa miche mibaya.

Wenzetu wa Pwani wana asumini na mkilua. Hivi hupenda joto na hewa yenye unyevu ya bahari. Vikonyo vya asumini huchumwa jioni kabla havijafunguka, vikauzwa kwa kutengenezea vikuba. Hiyo ni riziki ya akina mama wengi, na haihitaji mche kutoka Limuru.

Na sehemu kavu je? Hapa bogenvilia ndiyo rafiki. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini jua letu inalipenda. Ikishashika mizizi, ukiimwagilia kila siku itakupa majani matupu. Ikionja kiu kidogo ndipo inapochanua. Kuna pia mishubiri, ambayo maua yake hulisha nyuki, jambo jema kwa wenye mizinga. Na kuna waridi la jangwani, ambalo huweka maji katika shina lake nene. Lakini utomvu wake ni sumu, basi lipandwe mbali na watoto na mbuzi. Msichimbe miche porini kwa ajili ya kuuza, oteshieni kitaluni.

Tahadhari moja. Lantana huchanua vizuri karibu kila mahali, na hiyo ndiyo hatari yake. Ng'ombe wakila majani yake huugua, na ndege hueneza mbegu zake mpaka malisho yakafunikwa. Msiipande.

Kabla kikundi hakijatoa shilingi moja, fanyeni hivi. Tembeeni kijijini mwishoni mwa kiangazi, mwone ni maua gani bado yako hai bila kumwagiliwa. Ombeni matawi hapo. Bogenvilia hukatwa vipande vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20, vikaoteshwa kivulini katika makopo yaliyotobolewa chini. Mche mgeni jaribuni mitatu kwanza, si 60. Ungojeni upite kiangazi kimoja. Ukumbini kwa kupandia kuweni na kalenda: Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Kisha funikeni shina kwa majani makavu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ua nalo ni hivyo hivyo.

Na yule mama? Tulirudi kijijini, tukasimama mbele ya kikundi kizima, tukasema kosa lilikuwa letu. Tukarudisha pesa ya miche. Alirudi kikundini, na zamu yake ya mchango akapewa. Lakini ufunguo wa kitalu hakukubali kuushika tena. Jambo hilo hatujalisahau. Mche ukikauka, ulizeni kwanza hewa na udongo, ndipo mmwulize mtu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Ni maua gani hapa kwetu huvumilia kiangazi bila maji yetu?
2. Je, tumewahi kumlaumu mwenzetu kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake? Tufanye nini sasa?