KUPUNGUZA JOTO KATIKA KOMPYUTA MPAKATO ZINAZOTUMIWA KWA MICHEZO

Ifuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu, wazazi na vijana hapa Unguja.

Waheshimiwa Viongozi,
Ndugu Walimu, Ndugu Wazazi na Vijana,



 Jambo nitakalolizungumza, ingawa kwa sura yake ni la michezo, kwa hakika linahusu mali ya nyumba na usalama wa wakaazi wake.

Ndugu Wazazi,

Kompyuta mpakato katika nyumba zetu nyingi si ya mtu mmoja. Mchana hufanyiwa hesabu za duka, jioni mwanafunzi huandikia kazi zake za skuli, na usiku vijana huichezea mpira na mbio za magari. Ni katika saa hizo za usiku ndipo mashine hushika joto kali, feni ikapiga kelele, mchezo ukaenda kwa kusitasita, na wakati mwengine mashine ikazimika yenyewe. Wengi hudhani imeingia virusi au imekwisha umri wake. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mashine imekosa pumzi.

Naomba nieleze joto hilo linatoka wapi. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Kwa kazi ya kuandika barua, mashine nyingi hutumia kiasi cha wati 10 hadi 20. Mashine ya michezo inapofanya kazi kwa nguvu zake zote yaweza kutumia wati 150 au zaidi. Ni sawa na balbu mbili za zamani za wati 75 zilizofungiwa ndani ya kisanduku chembamba. Joto hilo huchukuliwa na mabomba membamba ya shaba kutoka kwenye prosesa na chipu ya picha, likafikishwa kwenye mapezi ya chuma yaliyo pembezoni, na hapo feni hulipuliza nje. Prosesa nyingi hujilinda: zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo, na joto likizidi, mashine hujizima.

Ieleweke kwamba feni haitengenezi baridi. Huvuta hewa ile ile ya chumbani. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 33 katika msimu wa kaskazi badala ya nyuzi 23, basi na prosesa huongezeka moto kwa kiasi kinachokaribia nyuzi 10 hizo hizo. Tena hewa ya pwani ina unyevunyevu na chumvi, na vumbi lenye unyevu hugandana kwenye mapezi mfano wa kitambaa. Kwa hivyo sisi wa visiwani tunalazimika kuwa waangalifu zaidi.

Baada ya maelezo hayo, napenda kutoa nasaha zifuatazo:

Kwanza, mashine isiwekwe juu ya kitanda, mto, zulia au mapaja. Matundu ya kuvutia hewa, katika mashine nyingi, yako chini, na godoro huyaziba kabisa. Iwekwe juu ya meza ngumu, na upande wake wa nyuma uinuliwe kwa vijiti viwili au vifuniko vya chupa. Hatua hii haina gharama, nayo ndiyo ya mwanzo kufanywa.

Pili, ichezewe penye upepo. Madirisha yafunguliwe, mashine isielekezwe ukutani, na mchezo mzito uachwe hadi jioni jua linapopungua makali.

Tatu, kazi ya mashine ipunguzwe. Mchezo unaotoa picha 120 kwa sekunde ukiwekewa kikomo cha picha 60, chipu hupata nafuu kubwa, na mchezaji wa kawaida hapotezi mengi. Katika Windows, kiwango cha juu cha kazi ya prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, mashine nyingi huacha ule mwendo wa ziada unaozidisha moto.

Nne, vumbi lisafishwe kila baada ya miezi michache. Mashine izimwe, chaja ichomolewe, kisha matundu yapulizwe kwa hewa kavu huku feni ikizuiwa isizunguke. Baada ya miaka kadhaa, fundi anayeaminika abadilishe ile dawa ya kupitishia joto, ambayo mafundi huiita pesti, kwani hukauka.

Tano, mashine yenye moto isitiwe katika friji, isiwekwe juu ya barafu wala kitambaa kibichi. Mvuke wa hewa yetu hugeuka maji ndani yake, na maji hayo huharibu kuliko joto lenyewe.

Ndugu Wananchi,

Lipo jambo moja ambalo halingojei kesho, nalo ni betri. Betri za lithiamu huzeeka haraka zinapokaa katika joto huku zikiwa zimejaa. Mashine nyingi huruhusu kuwekewa kikomo cha kuchaji cha asilimia 80, na inafaa kitumike. Lakini ikionekana kifuniko hakifungi sawasawa, au kibao cha kuguzia kimeinuka, basi betri imevimba. Mashine izimwe na chaja ichomolewe. Betri hiyo isibonyezwe, isitobolewe, wala isitupwe jaani; ipelekwe kwa fundi. Yaweza kuwaka moto, na mashine iliyo juu ya godoro mtoto akiwa amelala si jambo la kufanyiwa mzaha.

Vijana wapenzi, hatukuja kukukatazeni michezo. Tunakuombeni muitunze mashine ambayo mdogo wako ataihitaji asubuhi kwa masomo. Wazee wetu walipojenga nyumba waliangalia upepo unatoka wapi, wakaacha nafasi baina ya ukuta na paa ili joto lipate pa kutokea. Kompyuta nayo yataka ujenzi huo huo. Anayesikia feni ikilia usiku akapuuza, akumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.