Poto moja ya chuma: tuulize mguu wake mbele ya kulipa

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano mkuu wa wamemba)



Leo tutapiga kura: tutoe makuta ya sanduku kwa kuvuta umeme mpaka kituo cha afya, ao tungoje? Mimi nataka umeme. Mutwanga wanawasha kwa nguvu ya maji tangu 2013, na Beni iliona umeme wa jua wa Nuru tangu 2017. Mama asizalie kwa mwanga wa simu. Lakini ile devi tuliyopokea inasema tu: "poto za chuma, mita 12", na bei. Haitoshi.

Niwaambie kosa langu. Mahali nilipofanya kazi zamani, mimi ndiye niliweka sahihi kwa devi ya bei ndogo. Mvua ilipokuja, poto mbili ziliinama. Chuma hakikuvunjika, udongo ndio ulilegea, juu ya shimo lilikuwa fupi. Makuta ya watu yalipotea. Tangu siku ile ninauliza mambo manne.

Kwanza, poto itavutwa na nguvu gani? Waya zikivuta kilo 200 kwa upande, kwenye urefu wa mita 10, mguu unabeba sawa vile kilo 2,000 kwenye mkono wa mita 1. Ndiyo maana poto ni nene chini na nyembamba juu. Pale waya zinapokata kona, poto iwe ya nguvu zaidi, ao ifungwe kamba ya chuma. Na upepo ukiongeza mbio mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne.

Pili, chuma kina unene gani? Poto ya mita 12, yenye upana wa sentimita 20 pale katikati na chuma cha milimita 4, inafika karibu kilo 237. Ya milimita 3 ni karibu kilo 178. Kwa macho zote zinafanana! Mutu akiwauzia ya 3 kwa bei ya 4, amewaibia kilo 59 kwa kila poto. Tudai uzito kwa maandishi, na siku ya kupokea tupime.

Tatu, mguu. Mafundi wengi wanahesabu hivi: sehemu moja ya kumi ya urefu, wanaongeza nusu mita. Kwa poto ya mita 12, ni mita 1.7 ndani ya udongo. Kwenye udongo laini ao bondeni, zaidi, pamoja na beto. Simenti, mchanga na kazi ya kuchimba viandikwe kwa mstari wao.

Nne, kutu na njia. Chuma kizamishwe katika zinki ya moto, ndani na inje; rangi peke yake inapasuka na kutu inaanza pale inapoingia udongoni. Tena poto ikija kwa vipande vinavyoingiana, camion ndogo inaiweza. Ikija nzima, tutalipa camion kubwa kwa barabara munayoijua wenyewe.

Wengine wanauliza: kwa nini tusitumie eucalyptus yetu? Ni bei nzuri, na ikitiwa dawa inadumu. Bila dawa, mchwa unaila. Na mnara wa miguu minne? Unaweza kubeba vipande vyake kwa bega, lakini unakula shamba. Poto moja inachukua nafasi ndogo, na kwa mutu aliyerudi akakuta shamba lake limepunguka, hilo si jambo dogo. Mwenye shamba aulizwe na alipwe mbele ya jembe la kwanza.

Basi naomba hivi: tusikatae umeme, tukatae ile karatasi. Tuirudishe kwa fundi, aandike nguvu, unene na uzito, mguu, na zinki. Ikirudi imejaa, mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono.