Kibali Kimoja, Ufuo Mzima: Nyumba za Wageni na Mipango ya Ardhi Kwale



Hoteli kubwa ikitaka kujengwa Diani, watu husikia. Nyumba ndogo huja kimya: kotteji mbili Tiwi, vila yenye bwawa la kuogelea Galu, nyingine Kinondo, nyingine Msambweni, zote zikikodishwa kwa usiku kupitia intaneti. Kila moja ukiitazama peke yake huoni kosa. Zikikusanyika, ndizo zinazoamua nani atafika baharini na nani atakunywa maji safi. Hoja yangu jioni hii ni moja: kibali cha nyumba ya wageni kando ya bahari kiamuliwe kwa kutazama ufuo mzima na watu wanaoutegemea, si ploti peke yake.

Njia ya kwenda baharini

Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hati inayompa mtu mchanga ule. Lakini haki hiyo yamfaa nini asiyeweza kuufikia? Mvuvi wa Mwaepe hubeba nyavu na mashine ya boti. Mama karanga, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, humsubiri na beseni lake, kwa maana samaki akichelewa kufika kikaangoni, hasara ni yake. Wote hupita vijia vilivyo kati ya ploti. Geti likifungwa, mwendo wa dakika chache huwa safari, na ukuta wa pili ukifuata, kijia kinakufa.

Kanuni za upimaji za 1994 zinataka kwamba ardhi ya serikali ambayo haijagawanywa ikipimwa kando ya bahari, kwa kawaida ubakizwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ploti zilizokuwa zimeshamilikiwa, kanuni hiyo haizigusi. Hapo ndipo kibali cha ujenzi kinapokuwa na kazi kubwa: ndicho nafasi ya jamii kudai njia yake kabla ya msingi kuchimbwa.

Yaliyo chini ya nyumba

Diani imekaa juu ya matumbawe ya kale, jiwe lenye matundu linalopitisha maji upesi, safi na machafu. Majengo hutegemea matangi na mashimo ya maji taka yaliyochimbwa katika jiwe hilohilo ambamo majirani wamechimba visima. Isitoshe, maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Na wageni huja kwa wingi kuanzia Desemba, wakati wa kaskazi, mvua zikiwa haba. Kisima cha vila moja huenda kisidhuru. Visima ishirini katika safu moja ni jambo jingine, na hakuna fomu ya ploti moja inayoweza kulionyesha.

Viumbe nao wamo katika hesabu hii. Vitoto vya kasa vikianguliwa usiku hufuata mwanga. Taa ya baraza huvivuta nchi kavu badala ya baharini. Mbega huhitaji miti iliyoshikana ili avuke. Msitu wa Kaya Kinondo, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, hauna budi kulindwa na matumizi ya ardhi inayouzunguka pia.

Sheria na kimya chake

Katiba imeipa kaunti kazi ya mipango. Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya 2019 inakataza ujenzi bila kibali. Inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, ili watu watoe pingamizi. Anayedhulumiwa na uamuzi, hata kama si mwombaji, ana siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya kaunti.

Lakini sheria hiyo inasema pia kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Nia yake ilikuwa njema: kumkinga mwananchi na ofisi zinazochelewa. Katika ufuo, kimya hicho ni hatari. Ofisi yenye maafisa wachache huwa imeidhinisha ukuta ambao hakuna aliyeutazama.

Sisemi tusijenge. Nyumba hizi huwapa riziki mafundi wa makuti, wapishi, walinzi na wauza samaki, na baadhi yake ni za wenyeji waliojinyima kujenga vyumba viwili vya kukodisha. Hao wasaidiwe: kaunti iwape ramani za majengo zilizokwisha kuidhinishwa, kwa ada nafuu.

Ninayopendekeza

Kwanza, kaunti ichore ramani ya vijia na bandari zote za wavuvi kutoka Tiwi hadi Msambweni, na kuacha njia wazi kuwe sharti la kibali. Pili, maombi ya safu moja yasomwe pamoja kuhusu maji na taka. Tatu, tangazo libandikwe kwa Kiswahili penye ploti na katika banda la wavuvi. Nne, ukanda wa ufuo uondolewe katika kanuni ya siku 60.

Tuna funzo letu wenyewe. Mwaka 1995 hifadhi ya bahari ya Diani na Chale ilitangazwa rasmi. Wavuvi wakaipinga, na haikusimama kama ilivyokusudiwa. Hata jambo la kulinda bahari halisimami bila wanaoitegemea. Sembuse ukuta wa mtu binafsi?

Nanyi wanafunzi wa mipango, kesho muhuri utakuwa mikononi mwenu. Kabla ya kuugonga, nendeni mkaione ploti maji yakiwa yamejaa, mrudi yakiwa yamekupwa, na muulize ni nani hupita pale.