Ng'ombe Naye ni Mpanzi



Katika mazungumzo ya leo tutaangalia mimea ambayo hakuna mtu aliyeipanda: nyasi za malisho, vichaka na miti ya porini. Watu husema imejiotea tu. Lakini kila mmea unaouona umetokana na mbegu iliyoletwa na kitu fulani, au na kisiki kilichobaki hai ardhini. Kisha umepata udongo unaoufaa, na wanyama hawakuumaliza ukiwa mchanga. Mfugaji anayeyajua mambo haya anaweza kuyaongoza, na mfano mzuri tunao Usukumani, katika ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma. Lakini tangu miaka ya 1920 misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamia vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, katika mkoa wa wakati ule, pamoja na wilaya ambazo tangu 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu.

Je, nani alipanda eneo kubwa namna hiyo? Miche ya bustani ilisaidia, lakini sehemu kubwa iliota yenyewe baada ya kufungwa. Sasa tuone iliotaje.

Kwanza, vilikuwapo visiki. Mti uliokatwa haukufa. Mizizi yake ilikuwa hai, ila kila ukichipua mbuzi anakata. Ulipopata nafasi ukapanda juu haraka kuliko mche wowote.

Pili, mbegu zilisafiri. Tunda la mninga lina ubawa, hupeperushwa na upepo pamoja na mbegu zake. Ndege hula matunda na kudondosha mbegu wanapotua, ndiyo maana chini ya mti mmoja mkubwa utakuta miche ya miti ya aina nyingine. Mbegu za ubuyu na ukwaju tunazitema sisi wenyewe njiani. Kishona nguo hushika nguo zetu na manyoya ya mbuzi.

Lakini mpanzi mkubwa wa migunga ni mifugo. Mbegu ya mgunga ina gamba gumu. Ukiifukia ilivyo, yaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Ng'ombe anapokula yale maganda yaliyojikunja, mbegu nyingine husagika kwa meno. Zinazopita salama tumboni hutoka gamba likiwa limelainika, tena zimo ndani ya samadi. Na kama maganda yameliwa mapema, wadudu wanaotoboa mbegu hufia tumboni.

Tatu, udongo huchagua. Wasukuma wanaijua ardhi yao vizuri: juu kwenye kichanga cha luseni hakuoti mimea ile ile ya bondeni kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Migunga mingi huuvumilia udongo huo, miti mingine hufa. Tazama pia kichuguu: udongo ulioletwa juu na mchwa hubeba miti tofauti na ya pembeni yake. Kwa hiyo usipoteze nguvu kupanda mti wa luseni mbugani.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Ng'ombe yule yule anayepanda ndiye anayeharibu, na tofauti iko katika wakati. Ukimwingiza mwezi wa pili au wa tatu, atachagua nyasi tamu kabla hazijatoa mbegu. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Baada ya miaka michache nyasi tamu zitapungua, zitabaki zile asizozipenda, na ardhi itashindiliwa na kwato mpaka maji yateleze juu. Kisha atakuletea mbegu za mgunga mahali pasipo na nyasi za kushindana na miche. Utapata vichaka vya miiba, na malisho hakuna. Ukimwingiza mwezi wa saba, nyasi zimekwisha kudondosha mbegu. Atakula majani makavu, kwato zitakandamiza mbegu ardhini, na samadi itabaki pale pale ikingojea mvua.

Basi ndugu zangu, fanyeni hivi:

1. Fungeni ngitili mvua za kwanza zinaponyesha. Msifungue mpaka nyasi zimekauka na kudondosha mbegu.

2. Igaweni sehemu. Mkimaliza moja ndipo muingie nyingine, ili pabaki akiba ya mwezi wa kumi.

3. Kisiki kikichipua, acheni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine pogoeni.

4. Limeni njia ya kuzuia moto kuizunguka ngitili kabla ya kiangazi.

5. Mifugo iliyonunuliwa mbali ikae zizini siku tatu au nne kwanza, isije ikatoa magugu ya kigeni ndani ya ngitili.

6. Mkitaka kuotesha migunga wenyewe, mwagieni mbegu maji ya moto na kuziloweka usiku kucha.

Najua shida iko wapi. Mwezi wa pili malisho ya nje yakiwa haba, na jirani ameshafungua yake, ni vigumu kuvumilia. Ndiyo maana ngitili zilisimama pale kijiji kilipokaa katika dagashida, kikapatana siku ya kufungua na faini ya mvunjaji, na sungusungu wakailinda. Mtu mmoja akifungua peke yake, anakula malisho ya mwezi wa kumi ya wenzake wote. Kaeni kikao kabla mvua hazijaanza, na mwiteni Bwana Mifugo wa kata yenu awepo.