Nikodemo na Mzigo wa Ratli Mia: Kutoka Kuamini Hadi Kujitoa



Injili ya Yohana inamtaja Nikodemo mara tatu, na mara hizo hazifanani. Katika sura ya tatu anakuja usiku. Ni Farisayo, mkuu na mwalimu katika Israeli, naye anakiri kwa kinywa chake kwamba Yesu ametoka kwa Mungu. Kwa kipimo cha darasa la kipaimara, mtu huyu angefaulu vizuri. Hata hivyo anarudi kwake katika giza lile lile, na asubuhi yake hakuna barazani ajuaye alikuwa wapi. Hakuwa mnafiki. Aliamini, lakini imani yake ilikuwa bado haijamgharimu kitu.

Katika sura ya saba wakuu wanataka Yesu akamatwe, na Nikodemo anauliza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Ni swali moja tu, tena la tahadhari, lenye kutetea utaratibu kuliko kumtetea Yesu. Likatosha kumletea kejeli, akaulizwa kama naye ni Mgalilaya. Katika sura ya kumi na tisa wanafunzi wametawanyika na Yesu amekufa. Hapo ndipo Nikodemo anapotokea na manemane na udi, yapata ratli mia. Kwa ratli ya Kirumi huo ni mzigo wa kilo 33 hivi, mzigo usiofichika chini ya joho. Zaidi ya hayo, Farisayo huyu anagusa maiti jioni ya kuamkia sikukuu, naye ajua kwamba kwa sheria yake atakuwa najisi siku saba. Alipokuja usiku ule alikuwa na la kujifunza. Sasa hakuna tena la kupata, ila la kupoteza tu.

Safari hiyo, kutoka mazungumzo ya usiku hadi mzigo wa mchana, ndiyo inayostahili kupimwa katika jubilei. Miaka mia ni umri wa usharika. Si lazima iwe umri wa imani ya kila aliyeandikwa katika daftari lake.

Yapo maelezo ya Kilutheri juu ya jambo hili, nayo yanahitaji uangalifu, kwa maana wapo wanaoogopa kwamba kuhimiza matendo ni kumrudisha mtu chini ya sheria. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha ishirini, linakataa wazi kwamba imani ni kujua habari za Kristo tu, kwa kuwa ujuzi wa namna hiyo mashetani nao wanao. Kifungu cha sita kinasema imani yapasa kuzaa matunda mema, na papo hapo kinakataza mtu kuyategemea matunda hayo ili ahesabiwe haki. Mti hauwi mwembe kwa sababu ya kuzaa embe. Lakini mwembe usiozaa miaka yote, mwenye shamba ana haki ya kuuliza.

Wasukuma wanalielewa jambo hili pasipo mwalimu wa theolojia. Mtu wa nzengo hatambulikani kwa kusema kwamba yumo. Hutambulikana kwa kufika msibani, kwa jembe lake kaburini, kwa mchango wake wa unga na kuni. Asiyefika hutozwa faini, na akizidi hutengwa, hata siku yake ya msiba ikakuta ua mtupu. Ni ajabu kidogo kwamba mtu huyo huyo, aliye mwaminifu kabisa kwa nzengo, huridhika kuonekana kanisani Krismasi, Pasaka na siku ya harusi.

Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria kuna historia inayofundisha. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta Wahaya waliokwisha kuipokea Injili kutoka Buganda. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, ni waalimu wenyeji waliowalisha kondoo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1930, ukafika uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda. Wengi walioguswa walikuwa wamekwisha kubatizwa, wakijua katekismo na mahali pao pa kukaa kanisani. Walianza kuungama dhambi hadharani, kurudisha mali za watu na kupatana na waliogombana nao. Haukukosa mivutano, kwa maana aliyeamshwa huweza kumdharau aliyelala. Lakini kurudisha kilichoibwa si jambo la kelele tupu.

Katika uamsho huo alikulia Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kuanzia mwaka 1964. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua kuwa rais, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini umefikia kuwa suala la ungamo la imani: kanisa haliwezi kuukiri Utatu Mtakatifu kwa kinywa na kuuvumilia ubaguzi ule mezani pa Bwana. Mwaka 1984, huko Budapest, uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu ya Kusini mwa Afrika ukasimamishwa. Makanisa hayo hayakuwa yamefuta neno lolote katika Imani ya Mitume.

Afrika Kusini ni mbali, na ni rahisi kuhukumu yaliyo mbali. Hapa Usukuma, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Tangu miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia pia mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kwa ajili ya utajiri. Watoto wengi wenye ualbino walihifadhiwa katika Shule ya Msingi Mitindo, hapa hapa Misungwi. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli.

Marufuku ya serikali haifiki mahali neno linapoanzia. Neno huanzia uani, mtoto akifa ghafla au ng'ombe wakipukutika, mtu mmoja anapotaja jina la bibi fulani. Katika ua ule hukaa Wakristo waliobatizwa. Wengi wao hawatashika panga kamwe, na hawaamini yanayosemwa, au huamini nusu. Hunyamaza, na wengine usiku humwendea nfumu kuthibitisha. Huyo ni Nikodemo wa sura ya tatu, naye bibi yule anahitaji angalau Nikodemo wa sura ya saba: mtu wa kuuliza mbele ya watu kama ni haki kumhukumu mtu asiyesikilizwa. Atadhihakiwa. Ataulizwa kama naye ni wa ukoo wa wachawi.

Wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya wana nafasi isiyo na mwingine. Neno la namna hiyo likisikika, mzee wa kanisa hana haja ya kungoja kikao cha baraza. Jioni ile ile aende kukaa kwa bibi huyo, mlango ukiwa wazi ili wapitao wamwone, kisha aende pia kwa jirani aliyefiwa, akae naye, asimfundishe lolote usiku huo. Asubuhi arudi tena kwa bibi, na safari hii aje na mkewe na mtungi wa maji.