Karatasi ya Mwalimu Wetu wa Jiografia

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iringa)



Nimeombwa niseme machache juu ya ujirani. Naanza na Mgagao, kwa kuwa iko humu humu mkoani Iringa. Miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa na kambi pale, nasi watoto wa shule za msingi tuliwaimbia wapigania uhuru kwenye mchakamchaka mpaka sauti zikakauka. Kumtetea anayeonewa na Smith au Makaburu hakukutaka ushujaa. Serikali ilitaka, chama kilitaka.

Ugumu ulikuwa kwa jirani wa karibu zaidi. Mimi ni mtu wa Kyela, mkoani Mbeya. Sisi Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga tunaelewana lugha. Katikati ni mto Songwe tu. Tangu mwaka 1964, mawaziri walipokosana na Dakta Banda, Wamalawi walikuwa wakikimbilia kwetu. Lakini Banda alikuwa Mwafrika mwenzetu, na mkataba wa OAU ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Aliyemkimbia Smith tulimwita shujaa. Aliyemkimbia Banda alikuwa mgeni aliyekaa sana.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mmoja wao. (Wanaomkumbuka wanaikumbuka na fimbo yake.) Mwaka 1983, nikiwa kidato cha tatu, alileta darasani barua ya kuomba Orton na Vera Chirwa wasinyongwe. Orton alipata kuwa waziri wa sheria wa Malawi. Vera alikuwa mwanamke wa kwanza nchini mwao kuwa mwanasheria. Waliishi uhamishoni hapa Tanzania. Desemba 1981 walikamatwa. Wenyewe walisema walitekwa upande wa Zambia. Wakahukumiwa kifo kwa uhaini katika mahakama ya jadi, bila wakili, wanasheria wale.

Wenzangu wengi walitia saini. Mimi nilisema kalamu yangu imekwisha wino. Baba alikuwa akivuka Songwe kuuza mchele, nikaogopa jina letu lisije likasomwa ng'ambo. Mwalimu alininyoshea kalamu yake, akanitazama, kisha akampa aliyefuata.

Barua za namna hiyo zilitoka nchi nyingi. Mwaka 1984 adhabu ikawa kifungo cha maisha. Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Vera alitoka mwaka 1993.

Sasa niseme la kwetu. Mei 2025 watu wa Kenya na Uganda walikuja Dar es Salaam kuketi mahakamani kusikiliza kesi ya Tundu Lissu, aliyeshitakiwa kwa uhaini. Martha Karua na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa zamani wa Kenya, walirudishwa kwao. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walishikwa siku kadhaa, wakaachwa mipakani, na walieleza kwamba waliteswa. Nikalisikia tena neno lile la mambo ya ndani, safari hii tukilisema sisi. Jana kwenye mdahalo wenu kijana mmoja alisema wageni wale walikuja kutafuta sifa. Mwalimu wetu naye alisemwa hivyo hivyo.

Banda aliposhindwa uchaguzi mwaka 1994, mwalimu alirudi kwao. Nilimfuata Karonga, nikamweleza habari ya wino. Akasema anakumbuka: darasa lilikuwa na wavulana 38, na barua ilikuwa na majina 31. Kisha akaniuliza kama baba bado analima mpunga.